Mali Yako, Karatasi Yake: Kesi za Shehena Zilizotekwa Baharini

Bahari haina mlango wala kufuli. Mwenye mali akishaipakia chomboni, akatia chapa yake juu ya robota na kuagana na nahodha, huwa hana tena la kufanya ila kuomba dua na kungoja msimu ugeuke. Upepo ni wa Mungu na mawimbi ni ya Mungu. Yakivunja chombo, mtu husema ni kadari, akanyamaza. Lakini yako mambo mengine yaliyokuwa yakiipata mali baharini ambayo hayakutoka kwa upepo wala kwa mawimbi. Yalitoka kwa watu. Na katika karne ya kumi na saba watu hao walikuja na mizinga mkono mmoja, na karatasi mkono wa pili.

Karatasi hizo ndizo ninazotaka kuzizungumza leo. Habari za maharamia kila mtu amezisikia. Hata watoto wetu wanalijua jina la Kapteni Kidd kutoka vitabuni na katika sinema. Lakini ni wachache wanaouliza: mali aliyoiteka ilikuwa ya nani? Alipokamatwa na kunyongwa, je, mwenyewe alirudishiwa mali yake? Nimeziandama habari hizi vitabuni kwa muda, na nimeona kwamba kisa chenye mafunzo kwetu si kile cha haramia, bali ni cha mwenye shehena. Nitawasimulia wasomaji habari za meli tatu, zote za biashara ya Surat katika Bara Hindi, zote zilizotekwa na Wazungu, moja mwaka 1613, ya pili mwaka 1695 na ya tatu mwaka 1698.

LANGO LA MAKKA

Surat ni mji wa Gujarat, kando ya mto Tapti. Wazee wetu waliujua vyema kwa nguo zake, kwani nguo za Gujarat ndizo zilizokuwa zikivaliwa mwambao huu, na pembe za ndovu za huku ndizo zilizokuwa zikichongwa bangili kule. Waislamu wa Bara Hindi waliuita mji huo Lango la Makka, kwa sababu mahujaji walipandia hapo. Meli ziliondoka Surat kiasi cha mwezi wa Machi, zikaenda Mokha na Jidda, kisha zikarudi mwezi wa Agosti au Septemba. Zilikwenda na nguo, zikarudi na dhahabu na fedha. Pamoja na mali walirudi mahujaji, wanaume kwa wanawake.

Mtu wa kwetu angejikuta nyumbani katika meli hizo. Abul Fazl, aliyeandika habari za ufalme wa Akbar mwishoni mwa karne ya kumi na sita, ametaja vyeo vya mabaharia wa meli za Bara Hindi, na ukivisoma unaona ni maneno yetu sisi. Nahodha yumo. Serahangi yumo. Mshika sukani yumo. Na karani yumo, mtu wa kuandika hesabu za meli na kuwagawia abiria maji.

Huyo karani ndiye ninayempenda mimi, kwa kuwa nami nilipata kufanya kazi ya ukarani wa shehena hapa Kilindini katika ujana wangu. Kazi ile hukufundisha jambo moja upesi: shehena ya meli moja si mali ya mtu mmoja. Tulikuwa tukikuta gunia hili la fulani, sanduku lile la fulani, na huyu amekopa kwa yule, na yule ana ubia na wa tatu ambaye hajawahi kuiona bahari. Ndivyo ilivyokuwa meli ya Surat. Meli yenyewe huenda ikawa ya tajiri mmoja, lakini marobota ya ndani ni ya mamia ya watu: Mabohora, Mabaniani, Waarmeni, Waarabu, maofisa wa serikali, na hata baharia mwenye furushi lake dogo. Meli moja ikitekwa, kilio husikika katika nyumba nyingi.

CHETI CHA MRENO

Wareno ndio waliotangulia kuifanya bahari ya Hindi kuwa kama shamba lenye ua. Tangu mwanzo wa karne ya kumi na sita walidai kwamba bahari hii ni milki ya mfalme wao, na kwamba chombo kinachopita humo sharti kiwe na cheti chao. Cheti hicho walikiita cartaz, neno lenye undugu na karatasi yetu. Ndani yake liliandikwa jina la chombo na la nahodha, ukubwa wa chombo, silaha zilizomo, kinakotoka na kinakokwenda. Viliandikwa pia vitu vilivyokatazwa kupakiwa, kama vile pilipili manga na zana za vita. Ada ya cheti chenyewe haikuwa kubwa. Mzigo ulikuwa katika sharti lililofuata, kwamba chombo kipitie bandari yenye ngome ya Kireno kikalipe ushuru. Chombo kilichokutwa bila cheti, au kilichokiuka neno moja la cheti, kilitekwa pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Mwambao wetu haukusalimika. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, haikuwekwa pale kwa ajili ya vita peke yake. Iliwekwa pia ili nahodha wa Kireno aitie mkononi biashara ya bandari hii na ushuru wake. Sultani Hasan bin Ahmad aliuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na nahodha wa ngome. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na mapadri, akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 akageuka, akaitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa akaingia baharini, akawa anawawinda Wareno hadi alipofariki. Wareno walimwandika kuwa haramia. Sisi hatumwiti hivyo. Hapo ndipo msomaji anapoanza kuona kwamba neno haramia halina maana moja, bali hutegemea ni nani aliyeshika kalamu.

Huko Bara Hindi vyeti hivi viliingia hata katika mambo ya dini. Mwandishi Badauni anaeleza kuwa katika enzi ya Akbar alitokea mwanachuoni mkubwa, Makhdum-ul-Mulk, aliyetoa fatwa kwamba Hija haikuwa faradhi kwa watu wa nchi ile wakati ule. Njia ya bara, alisema, ilikuwa na hatari ya maadui. Na njia ya bahari haikupitika bila vyeti vya Wareno, ambavyo vilichorwa picha za Maryamu na Isa. Watu hawakuacha kwenda. Lakini tazama jinsi karatasi ya mgeni ilivyofika hadi mlangoni mwa nguzo ya tano.

MELI YA MAMA MFALME

Sasa tuje kwenye meli ya kwanza. Iliitwa Rahimi, na mwenyewe alikuwa Maryam-uz-Zamani, mamake Mfalme Jahangir. Mama huyu alizaliwa binti wa kifalme wa Kirajput, lakini meli yake ndiyo iliyokuwa ikiwachukua mahujaji, na yeye mwenyewe alifanya biashara kubwa.

Mwezi wa Septemba 1613 Rahimi ilikuwa ikirudi kutoka bahari ya Sham, ikiwa na abiria wapatao 700. Cheti cha Wareno ilikuwa nacho. Hata hivyo Wareno waliikamata karibu na Surat, wakaipeleka Goa pamoja na watu na mali yote.

Kwa nini? Si kwa kosa la nahodha wala la karani. Mwanzoni mwa mwaka huo Wamoghuli walikuwa wamewapa Waingereza ruhusa ya kufanya biashara Surat, na Wareno walikasirika. Walitaka kumwonyesha mfalme kwamba akimkaribisha Mwingereza gatini, basi cheti cha Mreno hakitamfaa baharini. Yaani karatasi ilikuwa na nguvu pale tu alipotaka aliyeitoa.

Jahangir hakwenda mahakamani, maana mahakama ilikuwa wapi? Hapakuwa na kadhi ambaye Mreno na Mmoghuli wote wawili wangemkubali. Alilolifanya ni kufunga milango. Alizuia biashara ya Wareno, akatwaa mali zao zilizokuwa katika nchi yake, akapeleka jeshi kuuzingira mji wao wa Daman, na kanisa la mapadri wa Kijesuiti huko Agra likafungwa. Mapatano yalifikiwa mwaka 1615. Mwaka huo huo balozi wa Uingereza, Sir Thomas Roe, alifika Surat. Wareno walikuwa wameiteka Rahimi ili wamzuie Mwingereza. Badala yake walimfungulia njia.

NGAWIRA HALALI

Kabla ya kuendelea na meli ya pili, lazima nieleze jambo moja la sheria za Wazungu, kwani bila ya hilo msomaji hataelewa kesi zinazokuja.

Kwa Wazungu wa wakati huo, kuteka meli kulikuwa kwa namna mbili. Mtu aliyeteka kwa niaba yake mwenyewe alikuwa haramia, na adhabu yake kitanzi. Lakini mtu mwenye hati ya mfalme wake, iliyomruhusu kuteka meli za adui wakati wa vita, hakuwa haramia. Alitakiwa ailete meli aliyoiteka mbele ya mahakama ya mambo ya bahari. Hakimu akithibitisha kuwa mali ni ya adui, huitangaza kuwa ngawira halali, nayo hugawanywa: hili fungu la mfalme, hili la wenye hisa, hili la mabaharia.

Mfano mkubwa ni wa meli ya Kireno iliyoitwa Santa Catarina. Mwezi wa Februari 1603 Mholanzi Jacob van Heemskerck aliiteka karibu na Singapore. Shehena yake ilinadiwa Amsterdam kwa zaidi ya guilder milioni tatu, na mwaka 1604 mahakama ikatangaza kuwa ni ngawira halali. Baadhi ya Waholanzi wenyewe walikuwa na wasiwasi na jambo hilo, ndipo kampuni yao ikamtafuta kijana mwanasheria, Hugo Grotius, awatetee. Kutoka katika utetezi huo kilitoka kitabu chake Mare Liberum cha mwaka 1609, kinachosema kuwa bahari ni huru kwa mataifa yote na kwamba Mreno hana haki ya kuifunga. Maneno mazuri, na yamesomwa na wanasheria hadi leo. Lakini tusisahau kuwa yalianza kama utetezi wa shehena iliyotekwa.

Sheria yetu ya Kiislamu ililitazama jambo hili kwa jicho jingine. Kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu mwambao huu, aliyetwaa mali ya mtu kwa nguvu bila haki ni mwenye kughusubu. Wajibu wake ni kuirudisha mali ile ile. Ikiwa imepotea, atalipa mfano wake au thamani yake. Hata aliyeinunua kwa mporaji anaweza kudaiwa na mwenyewe. Katika hukumu hiyo swali la kwanza ni moja: mali ya nani? Katika mahakama ya ngawira swali la kwanza lilikuwa jingine: meli hii ina karatasi ya nani? Shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo iliyowaponza wenye mali.

WALIOTOKA HIJA

Meli ya pili ni Ganj-i-Sawai, meli ya Mfalme Aurangzeb mwenyewe, mojawapo ya meli kubwa kabisa za Surat.

Habari zake zinaanzia karibu na kwetu. Mwezi wa Februari 1695 Mwingereza Henry Every alitia nanga Nzwani, katika visiwa vya Ngazija, wanakokaa ndugu zetu wa damu na wa lugha. Meli yake ilikuwa ya wizi. Yeye na wenziwe waliasi mwaka 1694 wakaitwaa meli iliyoitwa Charles II, wakaibadilisha jina. Pale Nzwani aliacha barua kwa manahodha wa Kiingereza akiwaarifu kuwa hatawadhuru Waingereza wala Waholanzi, na akiwaeleza ishara ya bendera ambayo kwayo watajulikana. Hata yeye, haramia asiye na hati ya mtu, alitoa cheti chake! Waliobaki nje ya cheti hicho ni watu wa bahari hii.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Every na wenziwe waliziwahi meli zilizokuwa zikirudi Surat. Kwanza waliiteka Fateh Muhammad, meli ya Abdul Ghafur, tajiri wa Kibohora aliyekuwa mwenye meli nyingi kuliko wote Surat. Kisha wakaifikia Ganj-i-Sawai. Mwandishi Khafi Khan, aliyeishi wakati ule, anaeleza kuwa meli hiyo ilikuwa na mizinga 80 na bunduki 400; lakini mzinga mmoja ulipasuka ukaua watu wake wenyewe, na mlingoti mkuu ukapigwa. Anamlaumu nahodha Ibrahim Khan kwamba alikimbilia chini ya sitaha. Maharamia waliishika meli kwa siku kadhaa. Mahujaji walipigwa na kuteswa waonyeshe mali ilikofichwa, na wanawake walivunjiwa heshima. Wako waliojiua kuliko kuingia mikononi mwao. Khafi Khan anasema mali iliyochukuliwa ilikuwa rupia laki 52. Waingereza walitaja paundi 325,000.

Meli ilipofika Surat mji ulichafuka. Waporaji walikuwa Waingereza, na Waingereza wengine wamekaa pale pale mjini wakiuza na kununua. Gavana aliwatia ndani, pamoja na mkuu wao Samuel Annesley, na biashara yao ikasimamishwa hadi katikati ya mwaka 1696. Kampuni ya Kiingereza ya East India ilijitetea kuwa haihusiki na Every. Wenye mali hawakuukubali utetezi huo kwa wepesi, nao walikuwa na hoja. Kampuni ile ile ndiyo iliyokuwa ikijitapa kuwa na nguvu baharini, na ndiyo iliyokuwa ikitoa vyeti vyake kwa meli za wafanyabiashara. Vipi utauza cheti cha usalama, halafu useme usalama si kazi yako?

Serikali ya Uingereza iliahidi zawadi ya paundi 500 kwa atakayemkamata Every, na Kampuni ikaongeza. Yeye hakuonekana tena. Wenziwe sita walishtakiwa London mwezi wa Oktoba 1696 kwa kuipora meli ya mahujaji. Baraza la wazee wa mahakama likawaachilia! Serikali iliona aibu, ikawashtaki upya kwa jambo jingine: kuiiba ile meli ya Charles II, mali ya Waingereza. Safari hii walipatikana na hatia, na watano wakanyongwa mwezi wa Novemba. Kwa mali ya Surat hawakuhukumiwa. Kwa meli ya Kiingereza walinyongwa.

KARATASI ZA KIFARANSA

Meli ya tatu ndiyo yenye kesi ya ajabu kuliko zote. Iliitwa Quedagh Merchant, meli ya tani zipatazo 400. Ilikuwa imekodiwa na wafanyabiashara wa Kiarmeni, mmoja wao akiitwa Coji Babba, na sehemu ya shehena ilikuwa ya Mukhlis Khan, mkubwa katika baraza la Aurangzeb. Ilitoka Bengal kurudi Surat ikiwa na hariri, melimeli na nguo nyingine, sukari, chuma, shura na afyuni.

Mfanyabiashara mwenye akili wakati ule hakutembea na cheti kimoja. Bahari ilikuwa na Mholanzi, Mfaransa, Mwingereza na Mreno, na kila mmoja alimtambua mwenye karatasi yake. Kwa hiyo huko Bengal Waarmeni walichukua cheti cha kampuni ya Kifaransa. Nahodha wao, John Wright, alikuwa Mwingereza. Yaani walijikinga pande zote: Mfaransa akija ataonyeshwa cheti, Mwingereza akija atakutana na Mwingereza mwenzake.

Aliyekuja ni William Kidd. Huyu alikuwa na hati mbili za mfalme wa Uingereza, moja ya kuwakamata maharamia, nyingine ya kuteka meli za Kifaransa, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa vitani. Matajiri wakubwa wa London walikuwa na hisa katika safari yake. Alifika Nzwani na Mwali mwaka 1697, na pale Mwali maradhi yakamuulia watu wapatao 50. Mwezi wa Agosti aliwavizia mahujaji na wafanyabiashara mlangoni mwa bahari ya Sham, Bab-el-Mandeb, akafukuzwa na meli ya Kampuni iliyokuwa ikiwasindikiza.

Tarehe 30 Januari 1698, upande wa Malabar, aliiona Quedagh Merchant. Alitumia hila. Alipandisha bendera ya Ufaransa. Watu wa meli, kwa kuiona bendera hiyo, walimtuma mzee mmoja Mfaransa aende na cheti cha Kifaransa. Kidd alikipokea, kisha akashusha bendera ile na kupandisha ya Kiingereza. Karatasi iliyochukuliwa iwe ngao imekuwa kitanzi. Kwa kuonyesha cheti cha Mfaransa, akasema Kidd, meli hii imekiri kuwa ni ya adui wa mfalme wangu, basi ni ngawira halali.

Hebu tulipime dai hilo. Meli si ya Mfaransa. Shehena si ya Mfaransa. Nahodha ni Mwingereza, na wenye mali ni Waarmeni na mtu wa baraza la Kimoghuli, ambao mfalme wa Uingereza hakuwa na vita nao. Ushahidi mahakamani ulieleza kuwa Waarmeni walimwomba Kidd apokee rupia 20,000 awaachie meli yao, akakataa. Yeye naye alidai kuwa alipojua nahodha ni Mwingereza alitaka kuirudisha, lakini mabaharia wake walikataa. Na hata kama ingekuwa ngawira, sharti lilikuwa aifikishe mbele ya hakimu kwanza, shehena isiguswe. Yeye aliuza sehemu kubwa ya mali kwa wafanyabiashara wa pwani ile ile ya Malabar, na zilizobaki zikagawanywa huko Madagascar.

Kidd alikamatwa Boston mwaka 1699, akapelekwa London. Vile vyeti vya Kifaransa, vya meli hiyo na ya nyingine aliyoiteka kabla yake, alikuwa amemkabidhi gavana, naye gavana akavipeleka serikalini. Lakini kesi ilipofika Old Bailey mwezi wa Mei 1701, Kidd alivililia vyeti vyake, na mahakama ikajibiwa kuwa havionekani. Alinyongwa Wapping tarehe 23 Mei 1701. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mwandishi wa Kimarekani, Ralph Paine, alivikuta katika nyaraka za serikali ya Uingereza, akavichapisha mwaka 1911. Tangu hapo wengi wameandika kumhurumia Kidd kwamba alidhulumiwa. Huenda alidhulumiwa. Lakini katika huruma hiyo yote, ni wachache waliomtaja Coji Babba, aliyefunga safari hadi London kudai mali yake. Mali ya Kidd iliyokamatwa ilifikia paundi 6,400 na zaidi. Fedha hizo zilipewa hospitali ya mabaharia wa Kiingereza huko Greenwich.

MLANGO ULIOFUNGWA

Basi wenye mali walipata wapi haki, kama waliipata? Waliipata kidogo, na hawakuipata kwa mahakama ya mtu. Waliipata bandarini kwao.

Baada ya mashambulio hayo, Aurangzeb na gavana wake wa Surat waliwakalia Wazungu kooni, wakawaambia: mnataka kuuza na kununua hapa, basi chungeni bahari na mdhamini hasara. Mwaka 1699 kampuni tatu zilitia sahihi. Waholanzi walikubali kulinda njia ya bahari ya Sham na kuwasindikiza mahujaji, Waingereza kulinda bahari ya kusini ya Bara Hindi, na Wafaransa ghuba ya Uajemi. Ahadi hizo hazikutimizwa zote. Lakini zilipatikana kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na mlango wa kufunga.

Hilo ndilo ninaloliona katika kesi hizi tatu. Rahimi ilikuwa na cheti, kikavunjwa na aliyekitoa. Ganj-i-Sawai ilikuwa na mizinga na jina la mfalme, na mahakama ya ugenini haikumwona mwenye mali. Quedagh Merchant ilikuwa na cheti cha mmoja, na mwingine akakifanya sababu ya kupora. Karatasi iliyoandikwa na mwenye nguvu humlinda mwenye nguvu. Mnyonge itamfaa pale tu anapokuwa na kitu cha kumnyima yule aliyeiandika. Wamoghuli walikuwa na soko la Surat. Mombasa ya wakati ule haikuwa na soko kubwa kama hilo la kumfungia Mreno. Ilimbidi ingoje majeshi ya Oman, yaliyoitwaa Fort Jesus mwezi wa Desemba 1698, mwaka ule ule wa Quedagh Merchant, baada ya mazingiwa ya miaka karibu mitatu.

Wala mambo haya si ya kale peke yake. Mwaka 1005 au mwaka 2005, bahari ni ile ile. Katika mwaka huo wa 2005 meli ya Semlow, iliyotoka hapa Mombasa na mchele wa msaada, ilitekwa upande wa Somalia ikakaa mikononi mwa watekaji kwa zaidi ya miezi mitatu. Dunia nzima ilizungumza habari za watekaji. Jamaa za mabaharia na wenye chombo walikuwa hapa hapa mjini wakingoja simu.

Quedagh Merchant yenyewe imeonekana. Kidd aliiacha upande wa Karibi, na mwaka 2007 wapiga mbizi wa chuo kikuu cha Indiana waliyakuta mabaki yake kando ya kisiwa cha Catalina, Jamhuri ya Dominika, katika maji mafupi, mizinga yake imelala chini ya bahari. Vyeti vimeonekana, na meli imeonekana. Deni la Coji Babba na wenziwe halijalipwa hadi leo. Anayesoma habari za Kapteni Kidd na alitaje jina hilo pia, maana wenye marobota nao walikuwa watu.